Kikundi cha Alhamisi Kimehamia Jikoni

Jumapili, 3 Februari

Wifi yangu,

Bwana asifiwe. Nimefika salama. Mapacha wanalia kwa zamu kama walinzi, mmoja akilala mwenzake anashika lindo. Mama yao hawezi kuinama, mshono wa upasuaji bado mbichi. Daktari amesema nisifikirie kurudi kabla ya miezi mitatu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya mwanangu huanza kupokelewa na mumewe, na mambo ya kiroho hayafai kupitia kwa mkwe.

Funguo umeziona chini ya cherehani. Kikundi cha Alhamisi nimekukabidhi kwa muda. Hayo maneno mawili ya mwisho nayarudia kwa upendo: kwa muda.

Nimekilea kikundi hiki miaka kumi na mmoja na hakijawahi kutetereka, kwa hiyo usibadilishe kitu. Ni saa kumi na moja jioni, sebuleni kwangu, viti vikitazama kiti changu. Utafungua wewe, utasoma Neno wewe, utaomba wewe. Watu wanakuja wamechoka, wifi, hawakuja kufanyishwa kazi. Mwenye hitaji analeta, kwa mdomo au kwa karatasi, nawe unaliandika daftarini, unalisoma kwa sauti mbele ya wote, halafu unaliombea. Usifiche hata moja. Hiyo sheria niliiweka mwenyewe mwaka wa pili, baada ya yale mambo ya mahitaji ya kunong'onezana mlangoni. Umbea huanzia hapo.

Mwalimu mstaafu atataka kueleza Neno. Mshukuru kabla hajaanza. Fundi wa saa hucheka pasipochekesha, mwache. Mama Kimya usimhangaishe. Ana miaka tisa kwenye kikundi na hajawahi kuomba kwa sauti, hata amina yake husomwa midomoni. Kila mtu na kipawa chake. Mimi ndiye humwombea.

Msalimie kaka yangu, ale kwa wakati.

Wifi yako mkubwa,
Mshonaji


Jumamosi, 16 Februari

Wifi,

Bwana asifiwe sana. Mapacha wabusu kwa niaba yangu, kila mmoja mara mbili ili wasigombane.

Nakupa habari zote kama zilivyo. Alhamisi ya kwanza nilifanya ulivyosema. Nikafungua, nikasoma, nikaomba. Dakika ya saba nikawa nimemaliza yote niliyokuwa nayo. Nikafumbua macho, wote wananitazama. Mwalimu akauliza, “Ndiyo imekwisha, au unapumzika?” Wifi, mimi sina pumzi yako.

Alhamisi ya pili msaidizi wangu wa jikoni aliugua. Maharage ya Ijumaa, chakula cha shule nzima, yalikuwa hayajachambuliwa, na shule haiwezi kuwaambia watoto kwamba mpishi alikuwa kwenye maombi. Nikatuma ujumbe kikundi kisifanyike. Hawakusikia, wakanifuata jikoni wote tisa. Wakakaa kwenye ile meza ndefu ya bati, na kwa kuwa hakuna anayeweza kukaa mbele ya maharage akayatazama tu, wakaanza kuchambua. Vijiwe huku, maharage huku.

Sikupanga kitu. Kichwa kikiwa chini na mikono ina kazi, watu walianza kusema. Nikawaambia, basi kila mtu amwambie Mungu sentensi moja, hapohapo alipo, asiinue uso. Fundi wa saa akasema, “Bwana, macho yangu yamechoka, na saa za watu bado zimejaa mezani.” Miaka yote hii sikujua kwamba haoni vizuri. Wewe ulijua?

Tulimaliza gunia na maombi kwa pamoja. Wale kina mama wawili wanaofagia madarasa walikuwa wamesimama mlangoni na fagio zao. Nikawakaribisha. Sasa tuko kumi na wawili, nami nikiwemo.

Wifi yako,
Mpishi


Alhamisi, 21 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimefurahi. Nimeisoma mara tatu ili nione nimefurahia wapi.

Nina maswali madogo tu. Kwanza, jikoni? Mimi nilitandika zulia, nikashona vitambaa vya viti kumi, nikapanga pazia la kuzuia kelele za mtaani, ili watu wa Mungu wakachambue maharage? Pili, hiyo sentensi moja umeitoa wapi? Sala yangu ya kufungua peke yake haipungui sentensi arobaini na hakuna aliyewahi kulalamika. Tatu, hao wa fagio wamekuja kwa Bwana au wamefuata chai? Maana chai ya jikoni kwako naijua.

Kuhusu macho ya fundi, bila shaka nilijua. Nilikuwa sijapata nafasi ya kujua vizuri.

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini hapa naona wageni wanaongezeka na mwenyeji ndiye anayeugua. Wifi, uliolewa na kaka yangu, hukuolewa na kikundi changu. Rudini sebuleni.

Sijakasirika. Mapacha wote wamelala kwa mara ya kwanza leo, nikaona nitumie utulivu huo kukuandikia.

Wifi yako mkubwa


Jumanne, 26 Februari

Kwa Fundi wa saa,

Bwana asifiwe, kaka yangu katika imani. Habari za macho?

Wewe ni mtu mzima na ndiye mwanamume uliyekaa nasi muda mrefu kuliko wote, ukiacha Mwalimu ambaye hukaa lakini husinzia. Nakuomba uwe jicho langu huko. Nieleze kweli: wifi yangu anajikweza? Anakaa wapi? Anavaa nini siku za Alhamisi? Watu wanasemaje juu yangu? Wananikumbuka?

Siulizi kwa ubaya. Mchungaji aliyeacha kundi ana haki ya kujua kama wanakula majani au wanakula maharage.

Dada Kiongozi


Jumapili, 3 Machi

Dada Kiongozi,

Bwana asifiwe. Macho yapo, asante. Tangu niliseme jambo lile jikoni, mmoja wa kina mama wa fagio huja dukani kwangu kila Jumamosi kunishikia taa. Hajui saa, lakini anajua kushika taa.

Umeomba kweli, nami nitakupa kwa uangalifu, kama chombo chenye vipande vidogo.

Anavaa aproni, ileile ya kazini, ina doa la mafuta upande wa kushoto. Umeuliza anakaa wapi. Hakai mbele. Nimechunguza sana na nimegundua kwamba jikoni hakuna mbele.

Alhamisi iliyopita tulirudi sebuleni kwako kama ulivyoagiza. Wifi yako alifungua mapema, akapanga viti vyote kama ulivyoviacha, na kiti chako akakiacha wazi. Akatuambia, “Dada amesema turudi, na nyumba ni yake.” Tukakaa. Akasema tuombe. Zikapita dakika kumi na mbili, nilizipima, hakuna aliyetoa neno. Kisha Mwalimu akasema, “Jamani, mikono yangu haijui pa kukaa.” Tukacheka, tukafunga nyumba, tukaenda jikoni. Si yeye aliyetuhamisha, Dada. Yeye alikuwa wa mwisho kuinuka.

Sasa tuko kumi na saba. Wengine wanaletwa na chai, nakiri, lakini chai inakwisha na wao wanabaki.

Umeuliza kama tunakukumbuka. Tunakukumbuka. Mimi nakumbuka hasa urefu wa sala, na namna ulivyokuwa ukinifunika bega kwa kitambaa nikisinzia. Vyote viwili ni kweli. Kazi yangu imenifundisha jambo moja, kwamba saa ikienda vizuri haimtafuti fundi, na hilo halimaanishi kwamba fundi hakuitengeneza.

Mdogo wako katika imani ingawa nakuzidi umri,
Fundi


Jumamosi, 9 Machi

Fundi,

Nimesoma. Kumi na saba. Ukichunguza, labda na paka wa shule mmemhesabu.

Sikuombi tena unieleze chochote. Nakuletea hitaji la maombi, maana huu sasa ni mzigo.

Hitaji: kwa ajili ya wifi yangu, mpishi. Bwana amwondolee roho ya kupenda kutangulia. Amkumbushe alikotoka, maana alipoolewa kwetu hata sala ya chakula alikuwa hawezi, anamtazama mume wake usoni mpaka wali unapoa. Amwonyeshe kwamba anayeazimwa nguo habadilishi mshono. Amfundishe kushuka kabla hajashushwa.

Si umbea, ni ombi.

Dada Kiongozi


Ijumaa, 15 Machi

Dada Kiongozi,

Bwana asifiwe. Keti kwanza, na kama una pacha mkononi mlaze.

Kama ungeniandikia, “Fundi, nina hasira na wifi,” ningeichoma barua na habari ingeishia kwenye jiko langu la kuchemshia maji. Lakini uliandika “hitaji la maombi”. Na sheria ya mahitaji ni yako: linaandikwa, linasomwa kwa sauti, halifichwi hata moja. Nililala nalo siku mbili. Sitajifanya mtakatifu, nilijua ninachofanya. Nilijisemea, ama sheria ni sheria, au miaka kumi na mmoja tulikuwa tunapamba umbea kwa amina. Nikalinakili daftarini neno kwa neno.

Jana wifi yako alifungua daftari kama kawaida. Alisoma la Mwalimu, mguu wake. Akasoma la mama wa fagio, mtoto wake aliyekataa shule. Akafika kwenye lako. Dada, alilisoma lote. Alipofika kwenye wali unapoa sauti ilishuka kidogo, lakini hakuruka neno. Alipomaliza alifuta mikono kwenye aproni, akasema, “Haya. Hitaji ni langu. Niombeeni.” Akainamisha kichwa kwenye maharage.

Hakuna aliyejua pa kuanzia. Ungemwombea vipi mtu anayekuandalia chai, kwamba ashuke kabla hajashushwa? Mwalimu alianza, “Mungu wetu uliyeziumba mbingu,” akaishia kwenye mbingu. Mimi nilichambua kiganja kimoja cha maharage mara tatu.

Ndipo Mama Kimya akaomba.

Nimeliandika hilo na sasa nalitazama, na bado siamini. Ana sauti nzito, ya kukwaruza, kama mlango wa ghala. Alisema, “Baba, yule dada aliyeandika anaumia. Amekaa mbali na sisi na anadhani tumemwacha. Mshike.” Alivunja kanuni ya sentensi moja, na hakuna aliyemkatiza.

Wifi yako alilia. Mimi pia, ila mimi nina kisingizio cha macho.

Wakati wa kuondoka nilimuuliza Mama Kimya, mbona miaka tisa? Hakuona ugumu wa swali. Akajibu, “Nilikuwa naanza, dada ananimalizia.”

Nimekuwekea na hilo kwa sababu uliomba kweli.

Fundi


Jumatano, 20 Machi

Wifi,

Nimeandikiwa yote. Kuhusu hitaji lile, samahani. Neno hilo limenichukua siku mbili kuliandika, kwa hiyo usilipime kwa ufupi wake.

Lakini ngoja nikuambie. Huyo Mama Kimya, alipofiwa, nani alimpelekea uji siku ishirini? Nani alimshonea nguo ya msiba bila kumpima, kwa kumkumbuka tu mabega? Alhamisi zaidi ya mia nne nimemtaja mbele za Mungu. Nimemngoja kama mtu anavyongoja mtoto aseme “mama”. Na siku anapofungua mdomo, mimi nafua nepi, na sauti yake ya kwanza inaangukia kwenye sufuria lako.

Na alichosema ni juu yangu! Mngeniacha hata nikasirike kwa amani.

Marehemu mume wangu alikuwa na mambo yake, unayajua, mtaa wote ulijua. Sikuwahi kuona wivu wa namna hii. Yule mwanamke angalau sikuwa nimemfundisha mimi.

Basi, chukua. Kikundi nakuachia, jumla. Chukua na viti, chukua na vitambaa vya viti. Nikirudi nitasali kwangu na cherehani yangu, haina maoni.

Wifi yako


Jumatano, 27 Machi

Wifi yangu,

Bwana asifiwe. Kaka yako amesoma barua yako begani mwangu, akasema, “Hawa wawili wataniua,” akaenda kulala.

Kikundi hiki sasa umenipa mara mbili. Mara ya kwanza kwa muda, mara ya pili jumla. Kitu kinachotolewa mara mbili, wifi, ujue aliyekitoa hajakiachia. Na mimi sikipokei, kwa sababu nikikipokea nitakuwa nacho, na nimekwisha kukuona wewe ulivyokuwa nacho.

Sasa na mimi niseme langu, usije ukadhani ugonjwa ni wako peke yako. Miaka sita nilikaa karibu na mlango wa sebule yako. Kila Alhamisi nilijiandaa. Nilikuwa na sala ya kufungua kichwani, nimeikariri nikikoroga uji wa shule, nikingoja siku moja useme, “Wifi, tufungulie.” Hukusema. Ulisema, “Wifi, angalia kama maji yamechemka.” Nilikuonea wivu mpaka sauti. Nikiwa peke yangu jikoni niliwahi kuomba kwa sauti yako, pamoja na ile “eeeh Bwana” unayoivuta.

Uliondoka, nikafurahi. Na nisikufiche baya zaidi. Nilipomwombea mwanao, niliomba mshono upone. Ila niliomba upone polepole.

Hilo nimelisema Alhamisi iliyopita mbele ya wote. Hakuna aliyeinua uso. Mama wa fagio alisema tu, “Hata hilo Mungu ameshalisikia kwingine.” Tukaendelea.

Kisha nikawauliza, maana kikundi si changu wala si chako kusema tutakigawa. Nikasema, dada akirudi, iweje? Mwalimu alisema arudi aongoze, kwa kuwa alianzisha. Fundi alisema arudi, hakuongeza. Mama Kimya alinyamaza mpaka nikadhani amerudia yale yake. Halafu akasema, “Akae hapa karibu na mimi.” Akasogeza bakuli lake kidogo kuonyesha nafasi.

Hakusema ukae mbele, wala hakusema usikae mbele. Nakuandikia kama alivyosema.

Wifi yako,
Mpishi


Jumatano, 24 Aprili

Wifi yangu,

Nimekaa na barua yako wiki nne. Mara tatu nimeanza kuijibu, na kila mara nilijikuta naandika mahubiri, nikayachana. Mwanangu ameniuliza mbona karatasi zinakwisha na barua haiendi.

Mshono umepona. Umepona polepole, ombi lako limesikilizwa. Niliposoma pale nilikuchukia kutwa nzima, na jioni nikacheka mpaka nikamwamsha mmoja wa walinzi. Usimwambie kaka.

Ile sala yako ya kufungua, ningali sijaisikia, na kosa ni langu. Nilijua unaitaka. Mtu akikaa mlangoni miaka sita na macho yale, hata kipofu anajua. Nilikutuma kwenye maji kwa sababu niliogopa ungeomba vizuri.

Tangu nisome maneno ya Mama Kimya nimekuwa nikijisikiliza. Mwanangu akianza kusema kitu, namalizia. Mkwe akianza, namalizia, na nakosea. Juzi nilijizuia kwa chakula kizima, na mkwe akazungumza. Kumbe ana mengi. Hayana maana sana, lakini ni yake.

Narudi Jumanne. Alhamisi nitakuja jikoni. Sitaki uje unipokee mlangoni, na sitaki kuulizwa kufungua wala kufunga. Fungua wewe.

Usidhani nimepona. Wiki hii yote nimekuwa nikiomba nikifika nikute mmepungua. Nimeomba hata mvua. Nikiwakuta ishirini nitaumia, na utaniona usoni, na utaendelea kugawa maharage.

Mwambie Mama Kimya nitakaa pale aliposema. Zamu yangu ikifika nitajaribu ile sentensi moja. Na nikinyamaza, msinisemee.

Wifi yako